Bodi ya Saa Kumi na Dakika Kumi

Mwaka mzima nilikusanya kompyuta kipande kwa kipande: sanduku lake, kioo, kibodi yenye herufi mbili zilizofutika. Nilikuwa fundi wa maabara katika shule moja Homa Bay, na kompyuta ya shule ilifungiwa ofisini kwa mkuu kama mwali, sisi wengine tukiichungulia dirishani. Hasira ikanishika, nikaapa nitaunda yangu. Kilichobaki kilikuwa madabodi, ile bodi kubwa ambayo vipande vingine vyote huchomekwa juu yake.

Nikaenda Migori, kwa muuza redio mmoja aliyehamia huko kutoka pwani. Aliweka bodi mbili juu ya meza.

"Hii ni mpya, dada, na bei yake ndiyo hiyo. Hii nyingine ni nusu. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa hapa, amefariki mwezi uliopita. Ndugu yake ndiye aliyeniletea."

"Ina shida?"

"Bodi haina shida," alisema, akaifunga kwa gazeti upesi.

Wanasema rahisi ghali. Niliwasikia, nikanunua ya rahisi.

Nyumbani, nilipomweleza bodi ilikotoka, mume wangu alisogeza kiti chake nyuma. Yeye ni Mjaluo, mimi Mkuria, na mambo mengi ya kwao nilikuwa nayafanyia mzaha.

"Ndugu za marehemu wameshakaa wakagawana vitu vyake?"

"Nitajuaje mimi?"

"Kama bado, hiyo kitu ni yake. Rudisha."

"Basi aje aichukue mwenyewe," nikamjibu. Mdomo huu wangu umeniponza mara nyingi.

Bodi ilikubali mara ya kwanza. Kesho yake nilikuwa nikichambua omena, dagaa wa ziwani, sebuleni, kompyuta ikiwa imezimwa lakini bado iko kwenye soketi, ikalia pii moja, ikawaka. Hakuna aliyeigusa. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika kumi. Nikaizima. Siku ya pili ikawaka saa ile ile. Siku ya tatu mume wangu alihamishia kiti chake nje, na mimi nikajikuta nikitazama saa kuanzia saa tisa.

Siku ya nne nilipekua mipangilio ya bodi yenyewe, nikakuta maelezo. Iliwekewa saa ya kuamka kila siku, saa kumi na dakika kumi, kama mtu anavyotega saa ya kengele. Nilicheka peke yangu. Ilibaki nibonyeze kitufe kimoja niifute, na kidole kikakataa. Mtu alikuwa akifika nyumbani saa hiyo, na pengine kulikuwa na aliyemngoja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumamosi niliifungua, nikaifunga kwa gazeti, nikarudi nayo Migori. Muuza redio alinielekeza kwa mjane. Nilitaka aniambie tu kwamba niendelee nayo, kwa maana jasho langu la mwaka mzima lilikuwa mikononi mwake.

Alikuwa mwanamke kijana, kichwa kimenyolewa. Pembeni mwa chumba palikuwa na sanduku la kompyuta, limeachwa wazi, tupu kabisa.

"Shemeji alikuja kuitoa nikiwa bado kwa matanga," alisema. "Hata hawajakaa kugawana. Mwalimu alikuwa anatoka shule saa kumi. Anataka akifika kwa mlango, apate imewaka. Mimi nikisikia hiyo pii, naweka chai."

Nilimwonyesha nilichobeba. Aliitazama bodi, kisha akanitazama mimi, kama asiyeelewa.

"Mimi nilifikiria walisharudisha," alisema. "Si nasikia tu."

"Unasikia nini, dada?"

"Hiyo pii. Kila siku. Naweka chai."

Niliirudisha bodi ndani ya gazeti lake, nikaipakata. Baadaye aliinuka bila kutazama saa, akajaza sufuria maji. Nilikuwa nafungua kinywa nimwambie asijisumbue, ndipo pii moja ikalia kutoka kwenye lile sanduku tupu.

Niliiweka bodi mezani, nikaiacha hapo. Alileta vikombe vitatu. Nilikunywa changu nikiwa nimesimama karibu na mlango, na kile cha tatu sikukitazama.