Damu ya Mzee

Nilizaliwa Mkata, wilaya ya Handeni, lakini shule nilisomea Korogwe, kwa shangazi. Nikiwa darasa la nne, mwalimu wa Kiswahili alitutaka kila mmoja aeleze ndege anayemfahamu. Mimi nikamchagua chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayefyonza maua ya migomba. Nikasema kifuani ana mshipi wa rangi ya damu ya mzee.

"Damu ya nani?"

"Ya mzee, mwalimu. Bibi yangu ndivyo anavyoiita. Anasema damu ya mtoto inang'aa, ya mzee imekoza mpaka inakaribia weusi."

Alicheka hadi akavua miwani. "Huko kwenu Handeni mmechinja wazee wangapi mpaka mkaijua rangi yake?"

Kufika mapumziko nilikuwa nimeshaitwa Mumiani, mnyonya damu. Jina hilo lilinifuata hadi darasa la saba. Wapo watoto waliokatazwa na mama zao kukaa dawati moja na mimi.

Sikusahau. Nilikua, nikawa mwongoza wageni wanaokuja milimani kutazama ndege, na bado kila nilipoipita shule ile nilitema mate.

Mwaka juzi kikundi chetu cha Bungu kiliamua kuweka vibao vya majina ya ndege kwa Kiswahili. Mwenyekiti akamwalika mwalimu mstaafu mmoja aje kusahihisha lugha. Nilimtambua kabla hajaketi: yule yule wa darasa la nne. Yeye hakunitambua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

Orodha niliiandaa mimi. Nikamwomba asimame atufafanulie majina ya rangi. Kijivu, akasema, ni rangi ya jivu. Zambarau imetokana na tunda. Alipofika kwenye hudhurungi akasitasita, kisha akasema ni kijani kilichopauka.

"Ni kahawia, mwalimu," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Watu wakainama kuficha vicheko. Mwili wangu wote ukasisimka kwa raha.

Akaharakisha kwenda kwa chozi. "Damu ya mzee. Hii haina shida, kila mtu anaijua. Nyekundu iliyokoza."

"Tangu lini, mwalimu?"

Akanitazama. Ndipo nikawasimulia wote, neno kwa neno, mpaka yale ya dawati. Hakuna aliyecheka tena.

"Sikumbuki, mwanangu," akasema. "Lakini kama nilisema, nisamehe."

"Mimi nakumbuka. Na sijakusamehe."

Akachukua kofia yake akatoka. Mwenyekiti alinisihi walau tuliweke jina lake kwenye kibao cha shukrani. "Yule ni mzee, dada." Nikamwambia likiwekwa jina lile, orodha yangu naondoka nayo. Halikuwekwa.

Sasa baadhi ya wenzangu wananisalimia kwa ncha ya mdomo. Wanasema nimemvunjia mzee heshima. Ni kweli, nilimvunjia, na nilikusudia. Siku ile niliporudi nyumbani nilisonga ugali, nikala nikashiba, hata mwiko nikaukwangua.