Kile Alichoahidi

Mwaka ambao ugonjwa wa mnyauko uliingia shambani kwetu Igurwa, mama aliikata migomba yote kwa panga na kung'oa mashina yake, kama bwana shamba alivyoagiza. Nilimsaidia siku nne. Hakulia. Siku ya mwisho nilimuuliza kama bado anaamini kwamba Mungu hutimiza ahadi zake.

"Naamini," alisema. "Hakuniahidi migomba, mwanangu. Aliniahidi kwamba hataniacha."

Mimi sikuona tofauti, nikaacha kusali naye asubuhi. Misimu mitatu tulikula maharage na viazi vitamu, na sikumsikia akinung'unika. Tulipoanza kupanda miche mipya, nilikuwa nimerudi kusali naye asubuhi, ingawa hakuwa ameniambia nirudi.