Bundi Aliyegeuzwa Kanga

Harufu ya gazeti lililokaa karibu na pipa la mafuta ya taa hainitoki puani. Ndivyo yalivyonuka magazeti ya Kiingereza tuliyopewa na mama yake Zarina, Mhindi mwenye duka pale Mpwapwa, tukayabandika kwa uji wa mtama kwenye kuta zetu za udongo. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, kiangazi kikali, na upepo ulipenyeza vumbi katika kila ufa. Mimi vumbi halikunishughulisha. Nilitafuta visanduku vya picha za kuchekesha, na katika kimoja nikamkuta bundi. Amevaa miwani na joho, ameshika chaki, na mbele yake wameketi vifaranga wa kila namna. Kiingereza sikukijua, kwa hiyo nikamwita Zarina, rafiki yangu, anisomee.

"Huyu ni mwalimu," alisema. "Kwao bundi ndiye ndege mwenye akili kuliko wote."

"Akili gani, naye hata kulala usiku hajui?"

Zarina alicheka, lakini swali likanikaa moyoni. Iweje ndege mmoja awe mwalimu kwa wale, na kwetu awe mpiga mbiu wa kifo?

Juma lile mdogo wangu Yohana akashikwa na homa. Bibi, mama yake baba, akaja kutoka kijijini kumwuguza. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Macho yake yalikuwa ukutani, kwa yule bundi aliyebandikwa juu ya kitanda cha mgonjwa.

"Nani kamwingiza huyu humu ndani?"

"Ni picha tu, mama," mama alimjibu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mgeni huyu haponyi mtu. Mbandueni!"

Nikaukumbatia ukuta nikilia, maana kumbandua ni kumchana, na mwisho wa kisa chake nilikuwa bado sijaujua. Nikamweleza Bibi habari ya miwani, chaki na vifaranga. Akasogea karibu.

"Na hawa watoto, yeye hawali?"

"Hawali, Bibi. Anawafundisha kuhesabu."

Alimkagua kitambo. Kisha akachukua mkaa jikoni, akamrefusha shingo, akamchora kishungi kichwani na kumjaza madoa mwili mzima. Miwani akamwachia. "Sasa ni kanga," alisema. "Kanga anajua kulea. Haya, mwite mwenzako aje asome."

Zarina akasoma na kutafsiri kwa Kiswahili, mimi nikamfafanulia Bibi kwa Kigogo, naye alisikiliza amempakata Yohana, akiuliza maswali kuliko sisi sote. Homa ilishuka baada ya mama kumpeleka mtoto zahanati. Mama aliisifu dawa. Bibi alimsifu kanga. Hawakugombana.

Leo naishi Msalato, na wajukuu zangu hutazama ndege wa katuni kwenye simu, ndege wanaoimba na kucheza ngoma. Picha zetu zilikuwa bubu, sauti tulizitia wenyewe. Zao huja na kila kitu, na mara nyingi huwaona watoto wakicheka bila kuuliza neno. Majuzi alitokea bundi, nikamuuliza mjukuu wangu mdogo kama hamwogopi.

"Nimwogope kwa nini, Bibi?"

Nikaanza kumsimulia. Nilidhani hasikii, kwa jinsi alivyokikodolea macho kioo cha simu. Ghafla akaisimamisha picha, akaiweka simu chini kifudifudi, akanigeukia.

"Halafu?"