Kufuli la Presha ya Mama

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi Lumemo kwa mama, na tangu hapo safari yangu ndefu ni ya kwenda sokoni. Ndiyo maana kliniki ilipompa mama kipimo cha presha kinachotuma majibu kwa nesi kupitia simu, niliyefundishwa kukitumia ni mimi. Nesi alisisitiza tuweke namba ya siri kwenye simu, asije akapimwa mtu mwingine. Nikaweka. Mama akaigawa kama chumvi. Kwao Mahenge, mtu akija kuomba kitu kilichomo ndani ukamnyima, hata kuku wanakushangaa.

Asubuhi moja nesi akapiga simu, sauti ya chini. Presha ya mama imepanda wiki nzima na sasa inatisha. Nimlete, daktari anataka kumwongezea dozi. Dozi ndogo tu, siku za mwanzo, ilimfanya ashike ukuta kila akisimama. Kubwa si ingemlaza kabisa?

Nilimkuta uani anapepeta mchele huku anamsema jogoo.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Kinauma kwa maswali yako."

Nikampakia kwenye bajaji mpaka kliniki.

Nesi akampima kwa mashine ya kliniki. Akarudia. Presha ilikuwa shwari. Akamuuliza kwa upole, "Mama, kile kipimo kuna mwingine anakitumia?"

Mama akajibu bila wasiwasi kwamba wapo. Shoga yake wa jumuiya, mama muuza ndizi wa kutoka Sanje, na jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, ambaye kila asubuhi huja kumwamkia, na akimaliza shikamoo anakunja mkono wa shati. Namba wanaijua wote. Na majibu yao yote yalikuwa yanakwenda kwa nesi kwa jina la mama.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, ila hayakuwa ya kicheko tu.

Nesi aliyaweka kando majibu ya wiki ile, dozi ikabaki ilivyokuwa, kisha, kwa kuwa majibu ya juu yote yalikuwa ya asubuhi, saa ya jirani, akataka aletwe siku hiyohiyo. Jirani alikuja akinung'unika kwamba ng'ombe wake watalala njaa. Akapimwa, ikaonekana presha inayotisha ni yake, akaanzishiwa dawa.

Tukajaribu kufunga simu kwa kidole cha mama, lakini jembe lilishakula alama zote, simu ikamkataa. Basi namba mpya naijua mimi peke yangu. Mama aliogopa kuonekana mchoyo. Nikamwambia anisingizie mimi, tena kwa sauti. Hatimaye uvivu wangu wa kutoka umepata kazi: kila akitaka kupima, nipo.

Jirani bado anakuja, sasa na vidonge vyake mfukoni.

"Shikamoo mama. Kufuli lako lipo?"

"Marahaba. Lipo ndani, linakula ndizi."