Nyamongo wa Gesima na Michezo Mitatu

Wimbi la mwaka 1947 lilichelewa kuiva huko Gesima. Mvua ilikuwa imekuja kwa kusitasita, na mwezi wa Agosti ulipowadia wanawake walikuwa bado mashambani na visu vyao vidogo, wakikata masuke moja baada ya jingine. Nyamongo mwana wa Ratemo alikuwa nyumbani kwa likizo, naye alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Kwa kuwa mamake hakujaliwa binti mkubwa, yeye ndiye aliyebeba vikapu kutoka bondeni hadi ghalani, kazi ambayo vijana wenzake waliikwepa kwa haya. Alipandisha mlima mbio, kikapu kichwani, na alipofika juu alikuwa akipumua kama mtu aliyekuwa ameketi.

"Wewe kijana," shangazi yake mmoja alimtania, "ukizidi kubeba hivyo tutakuoza kwa mume!"

"Basi mtafuteni mwenye ng'ombe wengi," akajibu, akashuka tena bondeni.

Tulisoma naye katika shule ya misheni iliyokuwa juu ya kilima, ng'ambo ya Nyakoe, mwendo wa siku nzima kutoka kwao. Huko nako hakuna aliyemwacha apumue. Miezi ya kwanza ya mwaka ilikuwa ya mpira, naye alicheza mbele upande wa kulia. Miezi iliyofuata ilikuwa ya mbio na kuruka, naye alikimbia maili moja na kuruka mbali kuliko sisi sote. Zaidi ya hayo, mwalimu wetu wa michezo alikuwa na imani yake kuhusu miezi isiyokuwa na mashindano.

Mwalimu huyo aliitwa Obura. Alizaliwa kando ya ziwa, na wakati wa vita alikuwa sajini wa mazoezi katika kambi ya askari. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyepiga kelele. Aliamini kwamba mwili ukiachwa hulala, na ukilala huchukua muda mrefu kuamka. Kwa hiyo, tulipofunga shule mwishoni mwa mwaka, alimwita Nyamongo chini ya ukuta wa kanisa na kumwonyesha mazoezi ya nguvu: kuinua jiwe la mtoni juu ya kichwa mara ishirini, kubeba gogo mabegani na kuchuchumaa nalo mara ishirini, kisha kuruka benchi huku na huku mpaka jasho limtoke. Alipaswa kufanya hivyo kila siku isipokuwa siku ya Bwana.

Mwalimu Obura hakujua likizo ya Gesima ilikuwaje. Huko kwetu mashamba ya wimbi hufyekwa na kulimwa mwezi wa Desemba na Januari, tena hayalimwi na mtu mmoja mmoja. Majirani hujiunga katika kikundi kiitwacho egesangio, nao huzunguka wakilima leo kwa huyu, kesho kwa yule, kuanzia alfajiri hadi jua kali. Asiyekwenda kwa wenzake, shamba lake husahauliwa. Nyamongo alikwenda kila asubuhi kwa niaba ya nyumba ya Ratemo, na kila alasiri, wenzake walipokwenda kuoga mtoni, yeye aliinua jiwe. Mwalimu hakuuliza, naye Nyamongo hakusema.

Mwezi wa Februari, siku moja alipokuwa akipiga mpira wa kona, alihisi kitu kimevutika ndani ya kinena cha upande wa kulia. Alimaliza mchezo. Juma lililofuata, katika mazoezi ya kuruka, alitua mchangani na kuinuka polepole mno. Joash, aliyelala kitanda cha jirani, alimwona akiuinua mguu wake kwa mikono miwili ili aupandishe kitandani.

"Mwambie mwalimu," Joash alisema.

"Nimwambieje?"

"Kwa mdomo. Mdomo hauumwi, au nao umevutika?"

"Joash, mtu yule amekula nyumbani kwetu, meza moja na baba. Nisimame mbele yake nimwambie naumwa wapi? Wewe ungesema?"

Joash naye asingesema. Msomaji asiyetoka kwetu na aelewe kwamba kuna haya tunayoiita chinsoni, iliyo baina ya kizazi cha baba na kizazi cha mwana. Mtu na aliye wa rika la baba yake hawatajiani mambo ya mwili, hasa ya sehemu hizo. Misheni ilitufundisha hesabu na nyimbo za sauti nne, lakini haya hiyo hatukuiacha langoni. Kwa babu na nyanya mambo ni tofauti. Nyanya humwita mjukuu wake mume wake, nao hutaniana bila mpaka.

Mwaka ule kulikuwa na jambo lililofanya ukimya wake uwe wa hatari. Chuo cha ualimu kilikuwa kimeahidi kupokea kijana mmoja kutoka shule yetu, na mkuu wa shule, mmisheni mwenye haraka na moyo mwema, alikuwa amesema wazi kwamba atampeleka yule awezaye kufundisha masomo na michezo pia. Mkuu wa chuo mwenyewe angekuja kutazama mashindano ya wilaya mjini Kisii mwezi wa Julai. Nyamongo akionekana pale mzima na mwepesi, njia ingefunguka. Akichechemea, angepelekwa mwingine, naye angerudi kwenye jembe.

Alicheza mpira hadi likizo ya Pasaka, akivumilia.

Nyumbani, nyanya yake Mokeira alimtazama kwa siku moja tu.

"Mume wangu, mbona waketi kama kuku anayetaka kutaga?"

"Nimechoka, nyanya."

"Uchovu hauketi upande mmoja. Sema, au nimwite baba yako nikuulize mbele yake."

Nyamongo alicheka kwa hofu, kisha akamweleza yote: kinena, jiwe, gogo, mpira. Alisema kwamba akikaza mguu ni kama mtu anayevuta uzi ndani ya nyama. Mokeira alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili ambayo sitayaandika hapa, akaridhika kwamba ukoo wa Ratemo haukuwa mashakani. Keshoye alfajiri alishika fimbo na mkungu mdogo wa ndizi, akaondoka. Alilala kwa jamaa njiani, na siku ya pili adhuhuri alifika shuleni, ambako walimu walikuwa wamebaki wakitengeneza paa.

Mokeira hakujua Kiswahili, na Mwalimu Obura hakujua Ekegusii zaidi ya salamu. Akaitwa Persis, mke wa shemasi, aliyesimamia jiko la shule. Persis alikuwa wa rika la mamake Nyamongo, kwa hiyo chinsoni ilimbana yeye pia. Mokeira alisema maneno mengi. Persis akasema machache.

"Anasema kijana anaumwa mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kulia. Sehemu ya juu."

"Goti?"

"Juu ya goti."

"Paja?"

Persis aliangalia miti ya paa. "Mwalimu, panda kidogo."

Mokeira, alipoona habari yake inakwenda kwa mwendo wa kinyonga, aliinuka, akaweka kiganja kwenye kinena chake mwenyewe juu ya nguo, akakipiga mara mbili kama mtu abishaye hodi. Kisha akaketi.

"Mwambie hivi," alimwagiza Persis. "Wewe unamlimisha mawe, sisi tunamlimisha wimbi. Mpira nao unamlimisha. Kijana ni mmoja, na kinena cha upande huo ni kimoja."

Persis aliyatafsiri yote isipokuwa kile kinena. Mwalimu Obura akauliza wimbi hulimwaje, akaelezwa habari za egesangio, saa za kuanza na za kumaliza, na idadi ya siku. Persis alinisimulia baadaye kwamba mwalimu alihesabu siku hizo kwa vidole, akarudia, kisha akaficha mikono yake mfukoni.

"Mama," alisema, "nimekosa. Mbona hakuniambia?"

Mokeira alipotafsiriwa maneno hayo alicheka hadi akashika fimbo. "Akuambie wewe? Wewe ni baba yake!"

Jioni hiyohiyo mwalimu alikwenda kwa mkuu wa shule na kumwomba Nyamongo aondolewe kwenye mpira na kwenye kuruka.

"Fainali ya kombe ni baada ya majuma matatu," mkuu alisema. "Tuna kijana mmoja wa namna hii, Obura."

"Ndiyo, Bwana. Na ng'ombe mmoja akikamuliwa na watu watatu, wa nne hukamua damu."

"Na asipokuwa tayari mwezi wa Julai? Chuo hakitasubiri. Nitampeleka mwingine."

"Ukimpeleka mwingine, uandike kwamba kosa ni langu."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Tulishindwa fainali kwa mabao matatu, huku Nyamongo akiwa amekaa kando ya uwanja amefunikwa blanketi. Hatukumhurumia. Tulimwita bibi harusi, na kulikuwa na mmoja aliyemletea maji kwa magoti mawili mbele ya watu wote. Nyamongo aliyapokea, akanywa, akamshukuru.

Kazi ya mwalimu sasa ilikuwa kujua kijana anaendeleaje bila kumuuliza. Misheni ilikuwa na mchungaji wa ng'ombe, mzee Nyangau, ambaye meno yake yalikuwa yamebaki machache na aibu yake ilikuwa imekwisha kabisa. Mwalimu alimwomba msaada. Kila Jumamosi sisi wakimbiaji tulipelekwa zizini kufagia, na mzee alitutania mmoja mmoja akitutoa siri. Kisha alikwenda kwa mwalimu na kutoa taarifa kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Joash, kifundo. Huyu wa Marani, tumbo, lakini ni njaa. Nyamongo leo hana maumivu. Ana hofu tu."

"Hofu ya nini?"

"Anafikiri akipumzika, miguu itasahau."

Majuma mawili ya kwanza Nyamongo alitembea tu, asubuhi na jioni. Juma la tatu aliruhusiwa kukimbia polepole kwenye nyasi. Jiwe lilirudi juma la tano, jiwe dogo kuliko la kwanza, siku mbili kwa juma, na kamwe si siku ya zamu ya shamba la shule. Kuchuchumaa na gogo hakukurudi. Mwalimu alikuwa ameandika mpango wake katika daftari, na juu ya ukurasa aliandika saa ambazo kila mmoja wetu alishika jembe, nyumbani na shuleni, kwa kuwa alikuwa ameanza kuzihesabu kama mazoezi.

Mwezi wa Juni, siku moja ya jua, Nyamongo alishindwa na subira. Vijana wa Nyakoe walikuwa wakicheza mpira barabarani, ukamfikia miguuni. Aliupiga. Mzee Nyangau, aliyekuwa akipita na ng'ombe, alimcharaza bakora moja ya matako na kumwambia: "Hiyo ni ya nyanya yako. Yangu utaipata ukirudia." Hakurudia.

Siku ya mashindano mjini Kisii uwanja ulijaa. Wakimbiaji kumi na wawili wa maili moja walipanga mstari. Katika mzunguko wa mwisho walibaki wawili, Nyamongo na kijana mmoja mwembamba kutoka kando ya ziwa. Watu wa nyumbani kwa Mwalimu Obura walikuwa wakimpigia kelele: "Obura, leo unamshangilia nani?" Mwalimu alikuwa akitazama mguu wa kulia wa Nyamongo, jinsi unavyotua na kuinuka, na haukubadilika hata hatua moja. Yule wa ziwani alishinda kwa kifua. Nyamongo alikuwa wa pili, akavuka mstari amenyooka, akatembea hadi kwenye kivuli cha hema bila kushikwa na mtu.

Mkuu wa chuo alimwita, akamwambia atembee, achuchumae, akimbie tena hatua hamsini. Alifanya yote hayo. Mwezi wa Septemba barua ya kumkubali ilifika.

Habari za mbio zilipomfikia Mokeira huko Gesima aliuliza swali moja: "Huyo wa pili, anatembea?" Wakamwambia anatembea. "Basi," akasema, akaendelea kupepeta wimbi.

Nyamongo alimaliza chuo na kupelekwa kufundisha Marani mwaka 1952. Hakukimbia tena katika mashindano. Alioa Esnah, binti wa mwinjilisti, wakapata watoto watatu niwajuao. Shule yake haikuwa na sifa ya vikombe. Wazazi fulani walilalamika kwamba mwalimu wa michezo huwatuma watoto nyumbani msimu wa palizi, na mkaguzi mmoja alimwandikia kwamba wanafunzi wake hushiriki mashindano machache mno. Mara ya mwisho nilipoonana naye, sokoni Nyakoe, nilimuuliza kuhusu barua hiyo. Alisema ni kweli, ni machache, akaniuliza bei ya viazi.

Jumamosi, tarehe 26 Julai 1958, aliwapeleka wanafunzi saba Kisii kwenye mashindano ya wilaya. Aliandikisha kila mmoja katika shindano moja tu. Msichana mmoja alishinda kuruka juu. Wengine sita hawakupata kitu. Alasiri alirudi nao Marani kwa miguu, akawahesabu langoni, wote saba, akawaambia Jumatatu hakuna mazoezi.