Mtoto Aliyekuwa na Rangi Tatu

Habari za kifo chake nilizipatia mtaa wa Biryogo, Kigali, nikisubiri chai, kwa mtu aliyedhani nimeshazisikia. “Yule mpiga picha wa Muhima tumemzika jana,” alisema, kisha akaendelea kukoroga sukari. Mimi na marehemu hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilikuwa mteja wake tu, tena wa mara moja moja. Lakini kuna alasiri moja ambayo hofu ilituweka pamoja, na tangu nipate habari hizi siwazi jambo jingine.

Alikulia Bujumbura, akaja Kigali akiwa mtu mzima, akafungua studio juu ya maduka ya simu. Kazi yake ilikuwa ya lawama. Watu walimletea picha kwenye simu, akazichapa, wakarudi wamenuna kwamba amewabadilishia rangi. Siku moja nilimkuta akisutwa na bibi harusi ambaye mushanana wake, vazi la sherehe la rangi ya waridi, ulikuwa umetoka kama tofali. Hakubishana. Aliifungua picha ileile kwenye simu ya bibi harusi, kwenye simu ya shangazi yake na kwenye kompyuta, akaviweka vyote mezani. Waridi tatu, na hakuna iliyofanana na nyingine. “Picha ni moja,” akawaambia. “Ndani yake kuna namba tu, na kila kioo kinazisoma kwa tabia yake. Hiki kinapenda kukoleza, hiki kinaelekea manjano. Na ile programu mliyotumia kutumiana imeibana picha, ikatupa maelezo ya rangi zake.” Bibi harusi akauliza ipi ndiyo ya kweli. Akamwomba alete nguo yenyewe.

Siku ninayoikumbuka zaidi nilikuwa kwake kuchapisha picha za pasipoti, simu yangu ikaita. Alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, akiwa kazini Rubavu. Mdogo wangu alikuwa amejifungua, amerudi nyumbani Kimironko, hapohapo Kigali, wiki ileile. “Shemeji, mtoto ana rangi ya manjano,” alisema, na sauti yake haikuwa ya kawaida. “Nimetumiwa picha asubuhi. Nikiuliza naambiwa ni mzima, kwenye simu yao haonekani hivyo. Wananificha nini?” Akanitumia picha. Kwangu mtoto alikuwa wa manjano kweli, yeye na shuka lake.

Marehemu aliichukua simu mkononi mwangu. “Umewasha ule mwanga wa kupumzisha macho,” akasema, akauzima. Shuka likarudi kuwa jeupe, na uso wa mtoto ukawa wa kahawia wenye afya. Nikashusha pumzi, nikasema basi ni mzima.

“Sijasema hivyo.” Akaihamishia picha kwenye kompyuta yake, na umanjano ukarudi kidogo, sasa usoni tu. Aliitazama kwa muda. “Hiki kioo nimekirekebisha rangi mwenyewe. Lakini sijui chumba kilikuwa na taa gani, na kamera nayo inakisia. Anaweza kuwa mzima, anaweza kuwa mgonjwa. Mtoto yuko wapi?”

Alifunga studio, tukapanda pikipiki. Kimironko tulipokelewa mlangoni na mama mkwe wa mdogo wangu. Chumba cha mzazi kilikuwa na pazia zito na taa hafifu ya manjano, na ndani yake kila mtu alikuwa na rangi moja. “Mutoto iko muzima,” mama alisema kabla hatujaketi. “Kwa simu yangu iko muzuri sana. Hatoki inje mbele ya siku ya kupewa jina. Baridi itamuua.”

Marehemu alivua kofia. “Mama, hatumtoi nje. Tunaomba dirisha tu.”

“Wewe ni daktari?”

“Hapana, Mama. Ndiyo maana naogopa.”

Mdogo wangu aliinuka kitandani akiwa na mtoto begani. “Tangu asubuhi hataki kunyonya,” alisema taratibu, akalivuta pazia. Akamlaza mtoto kwenye mwanga wa dirisha na kumfungua jicho kwa kidole. Weupe wa jicho ulikuwa wa manjano. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaona nini. Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuta blanketi.

Kituo cha afya kilitupeleka hospitali, mtoto akapimwa damu, akalazwa chini ya taa za buluu za kutibu umanjano. Tulikaa kwenye benchi, marehemu pamoja nasi, ingawa hakuwa ndugu wa mtu pale. Hakuondoka mpaka muuguzi alipotoka kutuambia kwamba tumewahi. Jioni shemeji alifika kutoka Rubavu, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba mkewe radhi. Mtoto huyo sasa anakimbia uani.

Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini wao hawakuwa na skrini. Siku hizi tunanunua kiwanja kwa picha, tunachumbia kwa picha, tunamhukumu jirani kwa picha iliyopita katika simu za watu wengi. Kisha tunagombana, kila mmoja akiapa kwa alichokiona, na kusema kweli kila mmoja amekiona. Shemeji yangu hakuwa mzushi, wala mdogo wangu hakuwa na siri, na yule mama alisema kile ambacho kioo chake kilimwonyesha. Nyumba nzima ilikaribia kuvunjika mbele ya mgonjwa ambaye hakuna aliyekuwa amemtazama kwenye mwanga.

Nilichojifunza kwa marehemu ni kwamba watu wanaopendana wakiona vitu viwili tofauti, si lazima mmoja wao awe mwongo. Hapo ndipo pa kusema hujui, hata kama kazi yako ni kujua, kisha ufunge duka uende ukaangalie.