Nilivyomlilia Kamanda

Juzi, nikipita Nanganga, nilimkuta kijana akifuta machozi mbele ya simu. Tamthilia yake ya vyombo vya angani ilikuwa imefika mwisho wa msimu. Niliinamisha uso kana kwamba mimi ndiye niliyekutwa nikilia.

Utotoni mwangu Newala, kibanda cha video kilinuka dizeli ya jenereta na moshi wa korosho. Alasiri moja kamanda wetu wa filamu za angani, niliyemfuata mkanda baada ya mkanda, aliteketea na chombo chake, na hadithi ikaishia hapo. Niliamini amekufa kweli. Nikarudi nyumbani nikiomboleza, mikono kichwani, kama nilivyoona wakubwa wakifanya.

Jirani yetu Mama Zuhura, ambaye mumewe alikuwa amelazwa Masasi, alitoka mbio akifunga kanga kiunoni.

"Amekufa?"

"Amekufa!"

Akaanguka chini akilia. Wanawake wakajaa uani. Nilitambua kosa lao, lakini kwa woga nikakaa kimya mpaka bibi aliponishika sikio.

"Nani kakupa habari?"

"Nimeona kwenye video."

"Mtoto huna haya wewe!"

Mama Zuhura aliinuka polepole, akanipangusa machozi kwa kanga yake. "Nyamaza, mwanangu. Huyo wako atarudi."

Mkanda uliofuata ulipofika, kamanda alikuwa hai. Nilitimua mbio hadi mlangoni kwa Mama Zuhura, nikapaza sauti: "Karudi! Hakufa!"

Alikuwa ndani, eda yake haijaisha.